Wifi kanilipia mpambaji, uso wangu unawaka

Shangazi, shikamoo.

Nimejipa moyo kukuandikia kwa sababu kila ninayemweleza hapa nyumbani ananiambia ni mambo ya kawaida, kila bibi harusi anapitia. Mimi ni binti wa miaka 26, nipo Tanga. Ndoa yangu ni Ijumaa, wiki tano kuanzia sasa. Wanaume watafungisha msikitini baada ya alasiri, kisha bwana atakuja nyumbani kunipa mkono. Jumamosi usiku ndiyo shughuli ya ukumbini, wanawake peke yao.

Tatizo la kwanza ni nywele. Tangu niko chuo nasuka rasta zile ndogondogo, nikifumua leo kesho nimerudi kwa msusi. Sasa hapa mbele, kuanzia kwenye paji hadi juu ya masikio, nywele zimekatika. Upande wa kulia panang'aa kama kipara cha babu. Saluni wameniambia nisijali, watanibandikia wigi la fronto, lile linaloanzia kwenye paji, kwa gundi. Ila kabla ya hapo niweke upya dawa ya kulainisha nywele, na wanipake rangi nyeusi ili nywele zangu za nyuma zifanane na wigi.

La pili, binti wa mama mdogo aliniletea kopo la krimu lisilo na maandishi yoyote, akasema ni mkorogo maalumu wa maharusi, wenye duka wanachanganya wenyewe. Napaka asubuhi na usiku, hii wiki ya tatu. Uso umekuwa mweupe kweli na watu wananisifia. Lakini vifundo vya vidole vimebaki vilevile, na nikienda sokoni juani mashavu yanawaka kama nimepakwa pilipili. Juzi vipele vimeanza kidevuni.

La tatu ni piko. Idi iliyopita nilichorwa mkononi, siku ya tatu maua yote yakavimba yakawa malengelenge. Hadi leo ukinishika mkono unaliona ua lenyewe kwenye ngozi, kama muhuri. Mama anasema bibi harusi bila piko ni biriani bila zafarani, na kwamba ile ya Idi ilikuwa bahati mbaya tu.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Wifi yangu, dada mkubwa wa mchumba, ameshanilipia mpambaji, nusu ya pesa imetoka. Ni yuleyule aliyempamba binti wa jirani yetu mwaka jana, na mimi nilikuwepo. Uso mweupe, shingo nyeusi, na kwenye picha za flashi akawa kama mtu aliyechungulia gunia la unga. Wageni waliulizana kama ndiye. Mimi ni mweusi kama mama yangu na sioni aibu. Nitamwambiaje wifi bila kuonekana sina shukrani, na hata kwao sijaingia?

Mwali wa Chumbageni

*

Marahaba mwanangu.

Umeniletea mambo manne kama vile hayajuani. Mawili kati ya hayo ni ndugu wa tumbo moja, na ndiyo yaliyonifanya niiweke barua yako juu ya nyingine zote: yale malengelenge ya Idi na ile rangi nyeusi wanayotaka kukupaka saluni.

Piko nyeusi tunayochorwa siku hizi si hina. Hina ni majani, na rangi yake inaanzia kwenye chungwa inaishia kwenye kahawia iliyoiva. Haijawahi kuwa nyeusi kama wino, wala haishiki kwa nusu saa. Kinachoipa piko weusi ule ni rangi ya nywele ya unga, ileile ya kuficha mvi, inakorogwa kwenye kikombe na kuchorwa kwenye ngozi. Ndani yake mna kemikali inayofupishwa PPD. Nchi za Umoja wa Ulaya zinairuhusu kwenye rangi ya nywele tu, isizidi asilimia 2 ikishakorogwa, na kuipaka moja kwa moja kwenye ngozi hairuhusiwi. Sisi mchoraji anakadiria kwa jicho, akiona haijakolea anaongeza kijiko.

Sasa sikiliza vizuri. Mwili ukishaikataa kitu hiyo mara moja, hausahau. Mara ya pili huja haraka zaidi na kwa nguvu zaidi, na hauulizi kama imepitia mkononi au kichwani. Nilipokuwa nafanya kazi ya saluni nililetewa bibi harusi saa 4 asubuhi ya siku yake, kapakwa rangi nyeusi ya nywele jana yake. Masikio yametoa maji na macho yamefumba kama aliyevamiwa na nyuki. Tulimpeleka hospitali badala ya kumpeleka kwenye kioo. Naye mwaka mmoja nyuma alikuwa amevimba mkono kwa piko, akaambiwa ni bahati mbaya.

Kwa hiyo piko hapana, na rangi nyeusi ya nywele hapana, si kwa harusi hii tu bali maisha yako yote. Kila saluni utakayoingia, hata ukiwa bibi wa wajukuu saba unataka kuficha mvi, waambie kabla hawajafungua kopo. Na zile pakti zilizoandikwa "hina nyeusi" ziogope vilevile, kwa sababu nyingi zina rangi hiyohiyo ndani.

Mama mpe hina, tena ya kumridhisha. Nunua ya unga, iwe na rangi ya kijani iliyofifia na harufu ya majani, si ya petroli wala dawa. Jaribu kitone ndani ya mkono siku chache kabla, uache siku mbili. Ikikaa salama, ndoa ikiwa Ijumaa basi upakwe Jumatano usiku. Ikorogwe kwa maji ya ndimu na sukari kidogo, ilale usiku kucha. Alfajiri uikwangue kwa mafuta, usiioshe, na maji yakae mbali siku nzima ya Alhamisi kadiri utakavyoweza. Mama akiamka na kuona rangi ya karoti atasikitika, atataka kuita mchoraji wa piko dakika hiyohiyo. Mwambie asubiri. Hina huiva ndani ya siku moja hadi mbili, na Ijumaa mchana itakuwa imekolea kama kahawa ya tangawizi. Viganja, ncha za vidole na nyayo ndizo zinazokolea kuliko mgongo wa mkono, hivyo mchoraji aelekeze nguvu huko, na lile ua la Idi alipite mbali.

Tuje kwenye kopo. Kopo lisilo na maandishi, linalong'arisha uso kwa wiki tatu na kuwasha juani, mara nyingi huwa na kimoja kati ya vitu vitatu au vyote kwa pamoja: zebaki, haidrokwinoni, au dawa kali za steroidi ambazo daktari huandika kwa siku chache kwa ugonjwa maalumu wa ngozi. Steroidi inaichuja ngozi mpaka inakuwa nyembamba kama karatasi ya mandazi, ndiyo maana jua limekuwa pilipili kwako na vipele vimeanza. Zebaki haibaki usoni. Inapita kwenye ngozi inakwenda kwenye figo, na wewe unakwenda kuolewa, huenda mwakani una mimba, na zebaki inamfikia mtoto tumboni. Huu si uzushi wa Shangazi. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulitaka vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni visitengenezwe wala kuuzwa baada ya 2020, na hapa kwetu vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni ni marufuku. Dukani vipo, tena chini ya meza, na hapo peke yake ungejiuliza.

Acha leo, usiseme nimalizie lililobaki. Badilisha foronya na taulo, maana nazo zimeinywa. Kisha wiki hii nenda hospitali ya Bombo uombe kuonana na daktari wa ngozi, kopo ukiwa nalo mkononi. Nakutuma kwa daktari kwa sababu kama mna steroidi, uso unaweza kukasirika ukiacha: kuwa mwekundu, kutoa vipele zaidi, kuwasha usiku. Wengi hapo huogopa na kurudi kwenye kopo, na ndivyo wiki tatu zinavyogeuka miaka mitatu. Daktari atakupa cha kuutuliza. Ikishindikana hapo, hospitali ya KCMC kule Moshi kuna kituo kizima cha magonjwa ya ngozi. Wiki tano zinatosha ukianza sasa. Ukianza wiki ya nne, hazitoshi.

Nyumbani tumia sabuni laini isiyo na marashi na mafuta mepesi ya kawaida, na mchana ushungi uvutwe mbele au mwavuli. Singo, ule msuguo wa mwali, hutakosa, somo wako anayekufunda ataileta na mawaridi yake na liwa na langilangi, hiyo ni raha ya mwali na siikatazi. Ila iishie shingoni. Karafuu na msuguo kwenye ngozi iliyochunika ni adhabu. Wanja na nyusi vilevile: kama unatinda kwa uzi, tinda wiki moja kabla, na kama uso bado unawaka, acha nyusi zako na nywele zake mbili tatu, hakuna mgeni atakayezihesabu.

Nywele. Nikupe habari mbaya kwanza ili usitupe pesa: hakuna mafuta, si ya nazi, si ya mnyonyo, si ya chupa ya kitunguu, yatakayorudisha nywele za mbele kwa wiki tano. Zimekatika kwa kuvutwa. Ukiacha kuvuta sasa, kuna matumaini zitarudi, lakini ni kazi ya miezi. Ukiendelea, vishimo vya nywele vinaziba na hapo panabaki kovu. Panapong'aa ndipo pa kumwonyesha daktari siku hiyohiyo ya uso, usifanye safari mbili.

Kwa sababu hiyo, gundi siitaki. Gundi ya fronto inapakwa palepale palipobaki vinyweleo, na siku ya kubandua vinatoka nayo. Halafu kuna jambo ambalo saluni hawakulifikiria. Bwana atakapoingia kukupa mkono, ataweka kiganja hapa kwenye paji, penye nywele za mbele, asome dua yake. Joto la Tanga, chumba kimejaa mashangazi, feni moja inazunguka kivivu, na wewe umevaa vitambaa tabaka tatu. Gundi ikishakutana na jasho huachia pembeni kwanza. Nimeona kwa macho yangu kiganja cha bwana kikiondoka na ukingo wa wigi umenyanyuka kama kifuniko cha bahasha. Mashangazi walipiga vigelegele kufunika, lakini picha ilishapigwa. Na kabla ya mkono utataka kuswali. Maji ya udhu na gundi ya kichwani, hilo kamuulize ustadhi wako, si mimi.

Dawa pia usiweke. Ngozi ya kichwa iliyochoka kwa rasta ikipata dawa inaungua haraka, na kidonda cha dawa chini ya shela ni mateso ya siku mbili. Fumua ulichonacho, pumzisha kichwa. Nywele osha Jumatano kabla ya hina, zikauke zenyewe au kwa draya ya moto mdogo. Asubuhi ya Ijumaa msusi akusuke mistari minene michache kurudi nyuma, twende kilioni ya kawaida, akianzia nyuma ya palipokatika. Usiku ukihitaji panadoli kwa sababu ya msuko, msuko huo ni mbaya, afumue. Nyuma pachomekwe shungi la bandia kwa vibanio, hapo ndipo chanuo la shela litakaposhika bila kumvuta mtu.

Na pale mbele? Sisi wa pwani tulishalitatua zamani. Agiza asmini zilizotungwa, nyuzi mbili au tatu, zipite kwenye ukingo wa paji kutoka sikio hadi sikio. Zinafunika palipokonda, na kiganja cha bwana kitakutana na asmini badala ya gundi. Zitungwe zikiwa matumba asubuhi, zikae kwenye kitambaa chenye unyevu, zitafunuka jioni zenyewe kichwani mwako. Kwa Jumamosi ukumbini, kama unataka kuonekana una nywele, mpambaji achukue rangi kavu ya macho isiyo na kung'aa, kahawia iliyoiva, aigongegonge kwa brashi ndogo kwenye ngozi kati ya nywele na nywele. Kwa mbali huwezi kujua. Asitumie wanja wa mafuta, utashuka hadi kwenye nyusi kabla keki haijakatwa.

Sasa wifi. Nimecheka kidogo, mwanangu, kwa sababu kati ya yote hili ndilo unaloliogopa, na ndilo lenye njia nyepesi kuliko yote. Usimkatae mpambaji. Pesa ya wifi ni heshima yake, ukiirudisha umemvua nguo mbele ya ndugu zake. Mtume somo wako, au mama mdogo mwenye ulimi wa asali, aende kwa wifi na maneno haya: "Binti yetu amepata mzio usoni, daktari amemkataza baadhi ya vipodozi. Anaomba mpambaji amjaribu wiki mbili kabla, na anaomba wewe mwenyewe uwepo, maana wewe ndiye mwenye jicho." Hakuna uongo hapo hata mmoja. Na wifi aliyealikwa kuwa jicho hawezi kuwa adui wa matokeo.

Siku hiyo ya majaribio nenda na kitambaa cheupe cha rangi ya gauni, ukae karibu na dirisha, si chini ya taa ya tyubu. Fondesheni usinunue sasa, maana uso ulionao leo si wako. Utarudi kwenye rangi yake polepole, na chupa utakayonunua wiki hii itakuwa nyeupe mno ikifika Ijumaa ile. Kipimo chako ni shingo na kifua, ambavyo kopo halikuvigusa. Mpambaji apake mistari mitatu ya rangi tofauti kuanzia taya kushuka shingoni, kisha mnywe chai. Fondesheni nyingi hubadilika zikishakaa, nyingine zinaiva, nyingine zinageuka kijivu. Baada ya nusu saa, mstari usiouona ndio wako. Akitaka kukung'arisha, atumie chupa mbili: ya shingo uso mzima, na nyingine hatua moja tu juu yake katikati ya paji, chini ya macho na juu ya pua. Hapo unang'aa na bado mama yako anakujua.

Ule unga wa binti wa jirani mara nyingi unatokana na vitu viwili. Kuna poda nyeupe inayomwagwa chini ya macho na kuachwa "iive", na nyingi zina silika. Kuna pia krimu za kuzuia jua zenye zinki au titani. Kwenye kioo havionekani, flashi ikipiga vinarudisha mwanga wote kwenye kamera. Kwa hiyo mkimaliza, fungeni mapazia, zimeni taa, wifi apige picha kwa simu yake na flashi. Yeye mwenyewe. Picha itasema yale ambayo wewe ungeonekana huna shukrani kuyasema. Poda ikigoma, waombe ya rangi yako badala ya nyeupe, na ipite kwa brashi nyembamba, si kumwagwa.

Usiioshe ukifika nyumbani. Kaa nayo saa nne, kula wali kwa mkono, tembea hadi ufukweni urudi, ulie kidogo kama utaweza, maana siku ya kuagwa utalia. Ukiona inakatika puani na kidevuni, tatizo huwa ni wingi. Tabaka tatu nyembamba, kila moja ikikandamizwa kwa tishu, zinahimili jasho kuliko tabaka moja nene la ukutani. Gundi ya kope za bandia ipimwe nyuma ya sikio siku mbili kabla, wewe ngozi yako sasa haina subira. Na tazama mabrashi yake yakiwa mezani: yakiwa na ukoko wa bibi harusi wa jana, peleka yako. Hilo somo ataliweka vizuri pia.

Ijumaa yenyewe chukua udhu kwanza, ndipo ukae kwenye kiti. Somo awe na kipochi cha tishu, ile poda ya rangi yako, rangi ya mdomo na pini za ziada. Akikufuta jasho agandamize, asisugue.

Daktari akishaliona kopo, niandikie aliyosema. Na yule binti wa mama mdogo muulize nani mwingine amempelekea.